Furushi Lisilo na Tarehe

Binti wa Bi Mvuke alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, mtoto begani. Hakupita mlango wa wafanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Alisimama nje ya dirisha ambalo wodi hupitishia nguo chafu, akagonga bati la kaunta kwa funguo zake.

"Mama. Tunahama Jumamosi."

Bi Mvuke alikuwa anakunja mashuka. Alipomwona mtoto alirudi nyuma hatua mbili, kisha ya tatu, mpaka kisigino kikagusa mguu wa meza ya pasi. Kutoka dirishani mpaka pale ni vigae kumi na viwili. Alishavihesabu zamani.

"Mbona ghafla?"

"Ghafla nini? Nilikuambia mwezi uliopita. Mume wangu kahamishwa kikazi. Siku mbili njiani. Hatutakuja kila mwisho wa wiki, ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akamhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. "Mtoto ana miezi minane, mama. Hujambeba hata siku moja. Majirani wamembeba. Mwenye nyumba kambeba. Fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki, mikono yote matope, kambeba. Wewe bibi yake unamtazama kwa mbali kama nyumba inayoungua."

"Nina mafua."

"Mafua ya miezi minane! Hata mafua yenyewe yangeona haya."

Nyuma ya mashine kubwa mtu alicheka, kisha akanyamaza haraka. Huyo alikuwa mwendesha mashine, wanayemwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimika.

"Kama nimekukosea, sema," binti akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nipige hata kofi. Ila sema."

"Hujanikosea kitu, mwanangu."

"Basi kesho saa kumi na moja jioni nitakuwa nyumbani nafunga vyombo. Ukija, uje kumshika. Kama huji kumshika, usije. Usije ukasimama mlangoni ukanyoosha shingo halafu ukasema una haraka. Nimechoka kumdanganya mume wangu kwamba mama yangu ana kazi nyingi."

Akageuka. Mtoto alibaki akitazama nyuma juu ya bega la mama yake, mdomo wazi, meno mawili chini. Walipokata kona, Bi Mvuke aliinua pembe mbili za shuka, akazikutanisha na nyingine mbili. Alikunja mashuka arobaini na moja bila kuinua kichwa. Wengine husema moyo uliwapasuka. Wake haukupasuka. Ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, ukiubana husikii.

Redio alileta toroli la nguo mbichi, akalisimamisha taratibu kuliko kawaida yake.

"Bi Mvuke, mimi simo. Lakini mafua, kweli?"

"Fua," akamjibu.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali, ukuta mmoja na chumba cha maiti, kwa sababu waliochora jengo lile waliona kwamba wafu na wafuaji hawana haja ya kuona nje. Bi Mvuke amekisimamia miaka ishirini na sita. Wamepita wakurugenzi saba, na kila mmoja anamkumbuka kwa alichokiondoa. Wa kwanza aliondoa maziwa ya watu wa mvuke, yaani wafuaji. Wa tatu aliondoa feni. Wa tano alileta mashine ya kusaini kwa kidole, akaondoa mapumziko ya saa nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka ngazi zile zaidi ya mara moja, na wote, walipolazwa wao, walilalia mashuka aliyoyapiga pasi yeye.

Kule chini kuna amri moja isiyovunjwa, na mwenye kuitunga ni yeye. Nguo za wodi ya kutenga wagonjwa hushuka ndani ya mifuko ya njano, kila mfuko na lebo yake: "Lisifunguliwe mpaka tarehe", halafu nafasi. Tarehe ikijazwa, mnasubiri. Siku ikifika mnafungua, mnafua. Nafasi ikiachwa wazi, hakuna kugusa. Furushi linapanda rafu ya juu na kukaa huko mpaka mtu wa wodi ashuke na kalamu.

Amri hiyo ina miaka kumi na moja. Ilianza wiki ambayo mwenzake wa zamu, mama wa watoto wanne, alifungua furushi lisilo na tarehe kwa kuwa matroni alikuwa anapiga kelele anataka mashuka. Ndani kulikuwa na sindano, ikamchoma kidole. Yule mama alipolalamika, hospitali ilimjibu kwa barua ya mistari sita: alifungua bila idhini. Bi Mvuke anaijua barua ile kwa kichwa mpaka leo, mstari kwa mstari, pamoja na jina la aliyeisaini. Miaka mitatu baadaye walimzika, ini limekwisha, na hospitali ikaleta shada la maua ya plastiki. Lilikuwa na vumbi.

Kwa hiyo nafasi tupu, kwake, si uzembe wa karani. Nafasi tupu ni neno kamili. Maana yake: bado. Rafu ya juu kuna furushi limeingia mwaka wa nne. Redio amelipa jina la Mpangaji, na kila asubuhi hulisalimia: "Mpangaji, umeamkaje? Chai tayari."

Sasa, huyu ndiye mtu aliyepewa karatasi moja.

Mwaka jana daktari alimtoa Bi Mvuke uvimbe kwenye titi la kushoto. Kabla ya hapo alipigwa eksirei mbili na sitiskani mbili. Sitiskani ya pili ilikuwa ya bure kabisa mwilini mwake: picha za ile ya kwanza zilipotea zikitoka ghorofa ya tatu kwenda ya pili, wakamlaza tena. Baadaye daktari akataka picha ya mifupa, aone kama ugonjwa umetambaa. Chumba cha kipimo hicho ni kipya. Mlango wake ni mzito na una alama ya njano yenye mabawa matatu meusi. Mhudumu alileta sindano ndani ya kasha la chuma, ameishika kwa koleo, mkono umenyooshwa mbali na tumbo lake. Yaliyokuwa ndani ya kile kitu kinachobebwa kwa koleo yakamiminwa kwenye mshipa wa Bi Mvuke. Aliambiwa anywe maji mengi, akojoe, asubiri saa tatu. Hakuna aliyemwambia kilichoingia ni nini. Angeuliza nani? Kila mtu alikuwa nyuma ya kioo.

Alipotoka alipewa karatasi yenye muhuri wa chumba cha mionzi. "Usikae karibu na watoto wachanga wala wajawazito kwa muda wa", na baada ya hapo nukta, mstari mzima wa nukta, na juu ya nukta hakuna kitu.

Mtu mwingine angeuliza, au angeitupa. Bi Mvuke aliisoma kama anavyosoma lebo, akajipandisha mwenyewe rafu ya juu.

Na pia alikuwa na akili ya pasi. Pasi ukiitoa motoni, haijaacha kuwa moto. Unaiweka pembeni, inanyamaza, rangi yake haibadiliki, na atakayeigusa ataacha ngozi pale. Aliwaza: eksirei mbili, sitiskani mbili, na hii ya sindano, zote zimelundikana humu. Nani alisema zimepoa?

Majibu yalikuwa mazuri. Mifupa safi, daktari alisema, nenda nyumbani mama, akamwita mgonjwa mwingine. Karatasi hakuna aliyeiulizia. Siku moja alipanda hadi dirisha la mapokezi la kule kwenye picha, akaanza kueleza. Yule dada hakuinua macho: "Si majibu yako yametoka mazuri? Sasa unataka nini tena?" Akashuka.

Mtoto alizaliwa siku kumi baada ya sindano. Ugonjwa alikuwa amemficha binti, kwa kuwa mimba ilikuwa ya taabu, presha juu, miguu imevimba. Baada ya kujifungua ndiyo ikawa ngumu zaidi. Alimjua mwanawe. Akimwambia, atakuja mbio kumkumbatia, analia, na mtoto mkononi. Kwa hiyo alisema mafua. Alisema zamu. Nguo za mtoto alizifua na kuzipiga pasi, glavu mikononi, akazituma kwa jirani.

Siku ile ile ya Alhamisi, saa nane mchana, mhudumu wa chumba cha mionzi alishusha mfuko wa njano dirishani. Haikuwa kawaida, kule juu hutandika karatasi, hutupa.

"Karatasi zimeisha toka juzi," akasema. "Bosi kasema tumieni mashuka. Pokea, mama, mimi nina njaa."

Bi Mvuke aligeuza lebo. Lisifunguliwe mpaka tarehe. Pale penye nafasi palikuwa na mwandiko wa kalamu ya bluu. Alisoma. Akaipeleka lebo karibu na taa, akasoma tena.

"Hii ni kesho."

"Kesho, saa kama hizi."

"Waliolalia haya ni wale wa sindano?"

"Wote. Tena mzee mmoja kajikojolea lote, maskini. Ndiyo maana tunasubiri. Mkojo ndio unaotoka na ile dawa ya sindano."

"Halafu kesho?"

"Kesho fueni kama shuka lolote. Mama, kuna nini? Umekuwa kama umeona jini."

"Nenda ukale," akasema.

Aliuweka mfuko kwenye rafu ya kati, ile ya vyenye tarehe. Akasimama mbele yake muda mrefu. Shuka lililokojolewa ile dawa lilikuwa na tarehe. Mtu ameketi, ameshika kalamu, amelifikiria shuka.

Ijumaa saa tatu asubuhi alimwachia Redio funguo, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akapanda ngazi. Karatasi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Hakwenda dirisha la mapokezi. Alisukuma mlango mzito wenye mabawa matatu.

Mtaalamu wa mionzi alikuwa bwana mfupi mwenye miwani, anakunywa chai. "Mama, huku huwa hawaingii tu hivi."

"Nilishaingizwa," Bi Mvuke akasema. "Soma."

Akasoma. Akageuza nyuma, akarudi mbele. "Hii ni ya karibu miezi tisa iliyopita."

"Kwa muda wa nini?"

"Samahani?"

"Imeandikwa kwa muda wa. Kwa muda wa nini?"

Bwana mfupi alitazama nukta zile. Akaweka kikombe chini. "Ilitakiwa wajaze saa ishirini na nne. Hawakujaza. Lakini mama, wewe si ulijua..." Akaishia hapo, maana alimtazama usoni. "Ulikaa mbali na watoto mpaka lini?"

"Mpaka sasa hivi."

Mle chumbani mashine ilikuwa inavuma. Bwana mfupi alivua miwani, akaivaa.

"Kaa kwanza, mama."

"Nimesimama miaka ishirini na sita. Sema tu."

Akasema, na tumpe haki yake, alisema vizuri, kama mtu aliyekuwa anasubiri siku zote aulizwe. Eksirei na sitiskani ni kama tochi, alisema. Ukimulikwa, mwanga unapita. Tochi ikizimwa hakuna mwanga unaobaki ndani yako. Ile ya sindano ndiyo inabaki, lakini inajifia yenyewe: kila baada ya saa sita nguvu yake inakatika nusu, halafu nusu ya nusu, na nyingine unaikojoa. Kesho yake kilichobaki ni kidogo mno. Keshokutwa ni kama hakikuwahi kuwepo.

"Pasi ikitolewa motoni bado inaunguza," Bi Mvuke akasema.

"Inaunguza kwa dakika ngapi? Umewahi kuona pasi iliyotolewa motoni mwaka jana bado ina moto?"

Bwana mfupi akachukua kidude cha mkononi cha kupimia mionzi, chenye mshale, akakiwasha. Kilidonoa polepole, tik, kimya, tik. Akakipitisha ukutani, juu ya meza, juu ya kikombe cha chai. Kisha akakipitisha mbele ya kifua cha Bi Mvuke, tumboni, kwenye viganja. Tik, kimya, tik.

"Umesikia? Wewe na ukuta ni sawasawa."

"Na zile zilizopita ndani yangu, zote tano, hazikuacha kitu?"

"Hazikuacha mionzi. Zinaweza kuacha hatari ndogo, ndogo sana, ya miaka ya mbele, na kila kipimo kinaongeza kidogo. Sitakudanganya. Lakini hiyo ni yako wewe. Haimrukii mtu. Huwezi kumwambukiza mjukuu."

"Ndogo kiasi gani? Jumla yangu ni ngapi?"

Alikuna shingo. "Kila chumba kina faili lake. Kujumlisha... hakuna anayejumlisha, mama."

Bi Mvuke alikumbuka mablanketi. Kila blanketi la hospitali ile lina kijistari cha uzi mwekundu pembeni, kimoja kwa kila mara hamsini lililofuliwa. Vikifika vinne linatolewa, maana linaanza kuoza. Alishona vile vijistari kwa mkono wake. Blanketi wanajua limepita mara ngapi.

"Jaza," akasema.

"Nini?"

"Hapo penye nukta. Jaza."

"Kazi hiyo ni ya mapokezi. Na mimi kujaza karatasi ya mwaka jana, itaonekana kama..."

"Mapokezi wana macho mabovu. Jaza."

Bwana mfupi alitoa kalamu. Akaandika: saa 24. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye lebo ya mashuka. Bi Mvuke aliipokea karatasi, akahesabu hapo hapo, maana hesabu za kusubiri ndizo kazi yake. Sindano, kisha siku moja. Mtoto kazaliwa siku ya kumi. Siku ile amesimama nje ya wodi ya wazazi, anachungulia kwenye kioo, tarehe yake ilikuwa imeshapita siku tisa. Alikuwa shuka safi.

"Nisamehe, mama," bwana mfupi akasema.

"Wewe ndiye uliyeacha wazi?"

"Hapana."

"Basi usiwaazime samahani yako. Watoe ya kwao."

Akashuka. Njiani alipitia wodi ya kutenga wagonjwa aombe mtu wa kuja na kalamu kwa ajili ya Mpangaji, akakuta mlango umeandikwa Ghala la Vifaa. Mlinzi alimwambia wodi ilihamishiwa jengo lingine mwaka juzi, na vitabu vyake vilichomwa.

Kule chini aliweka ngazi, akalishusha furushi yeye mwenyewe. Redio alizima mashine, kitu ambacho watu hawajawahi kukiona.

"Bi Mvuke! Tarehe?"

"Nipe kalamu."

Akaandika tarehe ya siku hiyo. Wakavaa glavu nzito na barakoa, wakafungua kwa mkasi mrefu. Yalikuwa mashuka tu, kumi na sita, yameota madoa ya kutu kwenye mikunjo. Hakuna kilichokuwa kinasubiriwa.

Saa kumi na moja jioni binti yake alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, anafunga sufuria kwa magazeti. Mkwe alikuwa nje anakaza kamba ya godoro. Alimwamkia mama mkwe na kuendelea kukaza, zaidi ya ilivyohitajika. Mtoto alikuwa amekaa ndani ya boksi lililoandikwa VYOMBO, anatafuna kifuniko cha plastiki.

Bi Mvuke alisimama mlangoni. Akahisi miguu inahesabu vigae.

"Mama, nilisema," binti akaanza.

"Soma kwanza." Akamnyooshea ile karatasi.

Binti alisoma akiwa amepiga magoti vile vile. "Hii ni nini? Mionzi ya nini? Ulikuwa unaumwa?" Akainuka. "Mama, ulikuwa unaumwa nini?"

"Uvimbe, kwenye titi. Walitoa. Nimepona. Presha yako ilikuwa juu, ningekuambia vipi?"

"Na hii saa ishirini na nne?"

"Imeandikwa leo. Ilikuwa wazi."

Uso wa binti ulibadilika mara kadhaa. Bi Mvuke alisubiri alie, au acheke, au amrukie shingoni. Alikuwa tayari kwa lolote, kwa namna ile ya mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili.

"Miezi minane," binti akasema hatimaye. "Kwa mstari wa nukta. Mama, mdomo ulikuwa nao. Mimi nilikuwa nalia chooni, najiuliza nimezaa nini mpaka mama yangu anarudi nyuma. Sijui nikukumbatie au nikufukuze."

"Usifanye lolote. Nipe mtoto."

Binti alimtoa kwenye boksi, akamnyoosha mbele. Bi Mvuke alimpokea kama anavyopokea mzigo wowote, kiganja kimoja chini, kingine mgongoni. Mtoto alimtazama mwanamke huyu asiyemjua. Mdomo ukapinda. Akalia kwa sauti yake yote, akijinyoosha kuelekea kwa mama yake, na kifuniko cha plastiki kikaanguka sakafuni.

Binti alinyoosha mikono kumchukua. Bi Mvuke hakumwachia. Alibaki amesimama, kilio kimejaa sikioni, akingoja kuhisi kitu. Kifua kilikuwa kimya. Viganja ndivyo vilivyoanza, kwa sababu viganja havijui kazi nyingine: miaka ishirini na sita vinapima nguo mbichi bila mizani.

"Kilo nane na nusu," akasema.

Binti alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Nane na robo. Tumetoka kliniki juzi."

"Basi nepi imelowa."

Binti akaingiza kidole, akagusa. Imelowa. Akaanza kucheka, akaacha, akachutama kutafuta nepi kavu kwenye maboksi, akivuta moja baada ya jingine, akimwita mumewe aseme aliziweka wapi. Bi Mvuke alikaa kwenye godoro jingine lililokunjwa, mtoto mapajani bado analia, akaanza kufungua pini kwa vidole vitupu.